Ukoko wa Baba

Tangu tumzike baba, mama alikuwa hali chakula. Anamega matonge mawili, anasema ameshiba, anaomba maji ya kunawa. Nilimtoa Mpimbwe nikamleta kwangu Mpanda mjini, nikidhani akibadilisha mazingira hamu itarudi. Wapi! Mwishowe nikampeleka kwenye mgahawa mpya wa Kichina, ambao ofisini kwetu kila mtu alikuwa anausifia.

Mama aliokota vile vijiti viwili, akavigeuzageuza.

"Mishikaki hii, nani kaila nyama yake?"

Nikacheka, nikaanza kupata matumaini.

Kisha wali ukaja. Karoti, mayai, sosi nyeusi, na mafuta ya kutosha kupaka mlango. Mama akaunusa kwanza. Kwetu wali unanuswa; mchele mpya ukiwa jikoni, jirani anajua bila kuambiwa. Huu haukunukia kitu. Akaonja kijiko kimoja, akamwita mhudumu.

"Mwanangu, ukoko mmeuweka wapi?"

"Ukoko tunatupa, bibi."

"Nyie! Mnatupa ukoko?"

Akasukuma sahani. Nilikasirika, sijui nilimkasirikia yule binti au sufuria zao. Ukoko ulikuwa fungu la baba. Mama alikuwa akipalia makaa juu ya mfuniko na kuuacha wali ushike chini makusudi. Sisi watoto tulikuwa tunamzunguka baba, tukisikiliza anavyoutafuna kwa kelele, tukiomba abakize. Alibakiza kila mara, mzee yule. Siku hizi nazikumbuka zile kelele kuliko sauti yake, na inaniuma.

Tuliporudi nyumbani sikuwasha gesi. Niliwasha jiko la mkaa, nikafungua kiroba cha mchele alichokuja nacho mama kutoka shambani, ambacho hakuna aliyekigusa. Nikapika, nikapalia, nikasubiri. Harufu ilipofika sebuleni, mama akapaza sauti.

"Unaunguza!"

"Najua, mama."

Nikapakua wali, kisha nikabandua ukoko na kumwekea mbele yake. Akavunja kipande, akatafuna, machozi yakimtoka, akavunja kingine. Kilipobaki cha mwisho akanisogezea mimi, kama alivyokuwa akifanya baba.

Nikajua amemaliza. Nikaleta maji ya kunawa.

"Ya nini?" akaniuliza, akavuta sahani ya wali.