Madam Anataka Kumleta "Dada" Niliyemchora

Admin, nifichie jina, wenzangu wengi huku wanakusoma. Mimi ni Mkenya, miaka 29, nafanya kazi za nyumbani Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha. Napenda wanawake. Wa kutukana tukaneni mmalize, kisha mnisaidie.

Mpenzi wangu, nimwite Njeri, yuko Riyadh kwa kafili mwingine, yaani mwajiri aliyemdhamini. Kuna pia mlinzi Mkenya huko Al-Baghdadiyah, mtaa mwingine wa hapa Jeddah, mwanamume anayependa wanaume, sisi humwita Shangazi. Nikiugua yeye ndiye huniuliza kama nimekula. Nyumbani hakuna anayeuliza.

Mimi huchora. Mwezi jana nilichukua kadibodi iliyokuja ndani ya kanzu mpya ya bosi, nikatuchora watatu kwa wanja uliotupwa na madam. Shangazi katikati, mimi na Njeri tumejifunga leso za sare, mkono wa Njeri ukipita nyuma ya Shangazi hadi begani mwangu. Hatujawahi kukaa pamoja tukapigwa picha, na nililia nikichora.

Madam akaiona. "Hawa nani?"

Kwa hofu nikajibu, "Mjomba wangu, na huyu dada yangu, yuko Riyadh." Akaibandika jikoni.

Juzi akaniuliza mkataba wa dada unaisha lini. Nikasema mwezi ujao.

"Halas, basi, namhamishia kwangu. Mtalala chumba kimoja."

Nilipompigia Njeri alipiga vigelegele. "Babe, Mungu ametuona! Sema ndio haraka kabla abadilike." Kwao hawezi kurudi, kaka zake wameapa kumuumiza.

Sasa shida. Kila Ijumaa baada ya chakula, madam humpigia mama yangu video amsalimie, mama naye aone mtoto wake yuko salama. Mimi ndiye hutafsiri. Ijumaa hii anataka kumwonyesha ile picha, ampe hongera kwamba binti zake wote wawili watakuwa kwa madam. Maneno naweza kuyageuza, lakini picha haina mkalimani. Na mama anamjua Njeri vizuri sana. Alitufumania, akamfukuza mbele ya majirani.

Nikikiri kwa madam, Njeri anarudi kwa kaka zake na mimi sijui nitapelekwa wapi. Pasipoti yangu anayo yeye.

Jana nilimpigia mama mwenyewe. Nikamlilia, nikamwomba amwite Njeri "mwanangu", dakika tano tu, mbele ya madam. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akakata simu.

Kesho ni Ijumaa. Nishaurini, hasa nyinyi akina mama: niichane picha leo, au nimwamini mzazi wangu?