Nani Tena Aliona?

Shangazi yangu alifundisha historia chuo kikuu maisha yake yote ya kazi, na wanafunzi walimwita Nani Tena. Ukimletea habari yoyote, hata ya mvua iliyonyesha jana, alikutazama juu ya miwani na kukuuliza, "Nani tena aliona?"

Wenzake waliandika juu ya wafalme na vita. Yeye aliandika juu ya wilaya yetu tu: visima vyetu, soko letu, barabara ilivyopindishwa kukwepa shamba la mkaidi mmoja. Wakamcheka, eti anafanya utafiti uani kwao. Akawajibu kwamba mkataa kwao ni mtumwa, akawasha kinasa sauti chake. Ofisi yake ilikuwa nyembamba, kanda zimepangwa hadi dirishani. Kiti kizuri kilikuwa cha shahidi. Mwenyewe alikalia kigoda.

Kanuni yake ilikuwa moja. Habari haiingii kitabuni mpaka mashahidi wawili waiseme, na wawili hao wasiwe ndugu wala marafiki, maana watu wa karibu husimuliana mpaka kumbukumbu zao zinakuwa moja. Kanuni nzuri, naiheshimu. Lakini ilimvunja moyo bibi yangu, mama yake mzazi, na hilo sikulipenda hata kidogo.

Tangu tukiwa wadogo Bibi alitusimulia kwamba mawe ya msingi wa zahanati yalibebwa na wanawake, kichwani, kutoka mtoni, huku wanaume wamekaa kwenye kikao kisichokwisha. Wanaume walisema kazi yote walifanya wao, na kati yao walikuwamo wasio ndugu wala marafiki. Shangazi akawahoji wanawake wa wakati ule aliowapata, dada zake Bibi na marafiki zake. Kwa kanuni yake, wote hao walikuwa shahidi mmoja. Kitabu kikatoka, na ndani yake zahanati imejengwa na wanaume peke yao.

Ukurasa huo nilimsomea Bibi mimi mwenyewe. "Rudia," akasema. Nikarudia. Hakulia. Alikichukua kitabu akakisukuma chini ya mguu wa kabati lililokuwa likiyumba. Tangu siku hiyo Shangazi akija, waliongea habari za jua na dawa za presha. Za kale, hakuna.

Shangazi alipokaribia kustaafu, chuo kiliomba toleo jipya la kitabu. Bibi alikuwa amedhoofika, hata kijiko kinamtetemeka mkononi. Shangazi akaja jikoni kwangu, akasema bila kuzungusha, "Mama atakufa akijua mwanawe alimwona mwongo."

"Si uandike tu, Shangazi? Nani atakuuliza?"

"Nitajiuliza mwenyewe."

Ukaidi huo, jamani! Shahidi aliyebaki alikuwa mmoja, fundi cherehani wa nyuma ya soko, mwanamke wa rika la Bibi. Yeye na Bibi hawakusalimiana tangu alipoliharibu gauni la harusi la Bibi, na Bibi alikwisha kutuonya kwamba atakayekanyaga kwa yule asirudi kwake. Kwa hiyo miaka yote hiyo shahidi bora alikuwa palepale, na hakuna aliyethubutu kumpigia hodi.

Tulikwenda roho mkononi. Fundi alikuwa amekaa karibu na cherehani yake iliyofunikwa kitambaa, akamkagua Shangazi juu hadi chini.

"Wewe binti wa yule. Pua hiyo siwezi kuisahau."

"Ndiye mimi, mama. Mawe ya zahanati yalibebwa na nani?"

"Na sisi wanawake, na nani mwingine? Mama yako alikuwa mbele yangu, tumbo hili hapa. Wiki ileile akakuzaa wewe. Nilikuwa nimemnunia, sikumpokea hata jiwe moja. Lakini nilimwona."

Shangazi alisahau kuzima kinasa sauti.

Nyumbani aliketi sakafuni, miguuni pa Bibi. "Mama, mawe mlibeba nyinyi. Naandika."

Bibi hakugeuka. "Nani tena aliona?"

"Fundi cherehani."

Nikajikunyata nikingoja radi. Bibi akageuka. "Yule? Alisema kweli?"

"Alisema. Akasema na mimi nilikuwamo tumboni. Mama, mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza nani tena aliona," Bibi akasema. "Hukuniuliza mimi nilikuwaje."

Shangazi, profesa mzima, akalaza kichwa mapajani mwa mama yake akalia kwa kwikwi. Bibi akamshika kichwa kwa mkono wake ule unaotetemeka. Nami nililia, sioni haya kusema.

Kisha Bibi akaniita. "Yule fundi mwambie aje, chai ipo. Ila gauni langu sijalisahau. Halafu tafuta kipande cha ubao uweke chini ya kabati. Hicho kitabu kitoe, kifute vumbi, mpe mwenyewe akisahihishe."