Papa, Mimi na Vyuo Vitatu vya Uhasibu

Mwaka niliomaliza sekondari, papa aliomba ruhusa ya siku mbili kazini ili tukatafute chuo pamoja. Alikuwa akisafisha mabehewa pale stesheni ya treni ya Gare du Midi. Kabla hatujahamia huku ughaibuni, kwetu Uvira, alikuwa mwalimu wa hesabu. Niliposema nataka kusomea uhasibu, alicheka kwa furaha hadi chakula kikapoa. Ila alikuwa na sharti: niende chuo kikuu, si kwingine.

Siku ya kwanza tukaenda chuo kikuu, kwa kuwa vyuo vilikuwa vimewafungulia wageni milango. Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko kanisa letu. Profesa alieleza kwamba ningesoma uchumi, takwimu, sheria na hata falsafa kwa miaka mitano, na uhasibu ungeingia kidogo kidogo. Niliuliza ni lini mwanafunzi hushika vitabu vya biashara ya kweli. Akajibu kwa upole kwamba akitaka, anaweza kutafuta mafunzo ya kazi mwaka wa mwisho. Papa aliandika kila neno. Mimi sikuandika kitu.

Siku ya pili tulikosea mlango. Tulikuwa tunaenda haute école, chuo kinachofundisha kazi yenyewe kwa miaka mitatu, kumbe tumeingia chuo kingine ng'ambo ya barabara. Tukapewa kahawa, tukaketi mstari wa mbele, na mwalimu akaanza kuzungumza Kiholanzi, lugha ya pili ya mji huo. Mimi nilikuwa nakielewa nusu. Papa hakukijua hata kidogo. Nikamnong'oneza kwamba tumepotea. Akaninong'oneza kwamba kumpa mwalimu mgongo ni utovu wa adabu. Basi tukakaa hadi mwisho, papa akiitikia kwa kichwa kila jedwali lilipotokea ukutani. Mwalimu alipogundua, alicheka, akatuvusha barabara yeye mwenyewe.

Huko ng'ambo hapakuwa na hotuba. Mama mmoja mfupi alimwaga katoni ya karatasi mezani, ankara na barua za duka la mikate, akatuambia sisi wageni tuzipange hadi zieleze mwezi wa duka ulivyokwenda. Nilikaa na wasichana wawili nisiowajua. Tuligombana, tukapanga, tukapangua, na nilipoona ankara moja imeingia mara mbili, nilihisi joto masikioni kwa furaha. Nilipoinua kichwa, saa nzima ilikuwa imepita. Papa alikuwa amesimama dirishani, hatazami karatasi, ananitazama mimi.

Tulirudi nyumbani Saint-Gilles kwa miguu. Njiani nikajikaza nikamwambia: “Papa, mie nataka kuwa comptable, mhasibu wa kazi. Pale pa leo ndipo nataka.”

 Tulikuwa tunapita kituo cha tramu.

“Baba yangu alitaka nikuwe padri,” akasema. “Séminaire ilishanikubali. Miye nikamwambia hapana, nataka kufundisha hesabu. Miezi sita hakunisemesha.” Akatembea kidogo. “Bon. Bila ile hapana, weye haungezaliwa.”

Nilicheka hadi nikashika ukuta wa nyumba ya watu. Naye akacheka, na mambo yakaishia hapo.

Jumapili alimpigia simu dada yake Bukavu. Nilimsikia akisema nimepata nafasi haute école. Shangazi akauliza hiyo ndiyo nini. Papa akamtafsiria: shule ya juu. Shangazi akasifu sana, akauliza kama ni juu kuliko université. Papa alinitazama, akakohoa, akasema mtandao ni mbaya.

Sikumaliza kwa miaka mitatu; somo la sheria ya kodi liliniangusha, nikaongeza mwaka. Leo nafanya kazi katika ofisi ndogo Saint-Josse, na wateja wetu wengi ni wenye maduka ya mtaa uleule. Katika miaka ile minne, kila nilichojifunza papa alitaka nimfundishe. Jioni moja tulibishana kuhusu uchakavu, yaani jinsi thamani ya chombo inavyopungua vitabuni mwaka hadi mwaka. Mfano wetu ulikuwa cherehani ya mama. Papa aliipa miaka kumi; mimi nikasema vitabuni ilishakwisha zamani. Mama, aliyekuwa anashona gauni la ubatizo kwa cherehani hiyohiyo, alituambia twende tukaandae meza.