Ritifaa Iliyozuia Barua

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa kompyuta kwenye mradi mmoja wa dawa pale Mpanda. Kabla ya hapo nilikuwa nimefundisha Kiswahili shule ya msingi kwa miaka kumi na mmoja, na walimu wenzangu walinicheka kwamba nimeacha chaki nikabonyeze vitufe. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja, ikitumia umeme wa jua. Pembeni yake kulikuwa na redio ya upepo iliyounganishwa nayo kwa waya, maana simu yetu ilikuwa ya kubahatisha. Kwa redio hiyo tulituma barua pepe, ambazo wakati ule kila mtu aliziita imeili.

Ndani ya kompyuta kulikuwa na orodha ya zahanati zote tulizozihudumia, pamoja na dawa zilizobaki kwa kila moja. Kila Ijumaa asubuhi nilibonyeza kitufe kimoja tu. Programu ilipita kwenye orodha kwa kufuata alfabeti, na kila ilipokuta zahanati ambayo dawa zimepungua, iliandika barua yenyewe na kuituma bohari ya Dar es Salaam. Programu hiyo iliandikwa na mtaalamu mmoja wa huko huko Dar, na mimi niliiheshimu kama msahafu. Ikimaliza iliandika kwamba kazi imekamilika, nami nakwenda kunywa chai.

Siku moja akaingia ofisini nesi wa zahanati ya mbali, ameteremka kwenye lori la tumbaku, vumbi mpaka kwenye kope. Aliweka mezani kopo tupu la klorokwini.

"Mwalimu," alisema, "nimekukosea nini?"

Alikuwa mama mpole, na hakupandisha sauti. Alinieleza kwamba huo ulikuwa mwezi wa pili hajaletewa kitu, na watoto wenye homa anawawekea vitambaa vya maji. Nilimfungulia faili lake. Idadi zote nilikuwa nimeziingiza sawasawa. Kitufe nilikibonyeza kila Ijumaa. Aibu niliyoisikia siku ile naikumbuka mpaka leo. Mfamasia aliyekuwa mkuu wetu alimpa dawa kidogo za akiba, kisha akaenda posta kumpigia mtaalamu simu. Alirudi akiniambia kwamba mtaalamu anaona makosa ni ya karani, si ya programu.

Karani ndiye mimi. Basi nikawaandikia bohari wanitajie ni zahanati zipi walizopata barua zake. Majibu yalikuja: ya Inyonga wameipata, ya Kapalamsenga wameipata, na nyingine kadhaa mpaka Mwamkulu. Baada ya hapo, hakuna hata moja. Nikaweka rula kwenye orodha yangu chini ya Mwamkulu. Iliyofuata ilikuwa zahanati ya yule nesi, katika kijiji ambacho jina lake linaanza na ng', ile ya ng'ombe.

Nikakumbuka. Karani aliyenitangulia alikuwa ameliandika jina hilo bila ritifaa, yaani kile kialama kinachokaa juu baada ya g. Miezi miwili nyuma nesi alikuwa ameniletea kikaratasi akiomba kijiji chao kiandikwe inavyotakiwa, nami kwa moyo wa ualimu nilirekebisha siku hiyo hiyo. Barua zilikoma tangu hapo.

Mtaalamu alikuwa ametuachia kitabu kinene cha lugha ya programu. Nilikaa nacho siku tatu, kamusi mkononi, nikisoma mstari mmoja mmoja. Nilikuta mstari ulioiambia kompyuta kwamba ikikutana na kosa, imalize kimyakimya. Nikauzima na kubonyeza kitufe. Kwa mara ya kwanza mashine ilisimama na kunionyesha mahali ilipokwama. Katika lugha ile, jina huwekwa katikati ya vialama viwili, na vialama hivyo vinafanana kabisa na ritifaa. Kwa hiyo ilisoma N na g, ikaona kialama, ikadhani jina limeishia hapo. Herufi zilizobaki haikujua izifanye nini.

Mfamasia alimpigia tena mtaalamu, safari hii nikiwa naye posta, na nikapewa simu.

"Ah, ondoa tu hiyo ritifaa, dada," mtaalamu alisema. "Nani ataiangalia?"

Niliiondoa, kwa sababu watoto walikuwa na homa. Barua zilizokwama ziliondoka asubuhi ile ile, na dawa zilifika. Lakini Jumatatu nilikwenda kwa mfamasia nikamwomba wiki moja niirekebishe programu yenyewe.

"Ukiiharibu je?" aliniuliza.

Nikamwambia nimeshainakili kwenye disketi. "Haya, fanya," alisema.

Dawa ya kosa lile niliipata kitabuni: kialama kikiandikwa mara mbili mfululizo, mashine inaelewa kwamba ni sehemu ya jina. Niliandika mistari tisa ya kupitia jina herufi kwa herufi na kuiandika ritifaa mara mbili kila inapokutwa. Jaribio la kwanza, barua ikatoka na ritifaa mbili, kichekesho. Nikairekebisha mistari ili ritifaa irudiwe pale mashine inapotafuta jina tu, si inapoandika barua. Kisha nikalirudishia jina la kijiji ritifaa yake, nikasubiri Ijumaa.

Barua zote ziliondoka, mpaka ya zahanati ya mwisho kabisa. Nilisimama, nikazunguka meza, nikakaa tena. Mfamasia aliita ofisi nzima waje waone, ingawa cha kuona hakikuwepo zaidi ya orodha kwenye kioo.

Mtaalamu alipopata habari aliomba nimtumie mistari yangu. Niliiweka kwenye disketi ikaenda kwa treni, naye akaiingiza kwenye programu za mikoa mingine. Miezi kadhaa baadaye nilipata barua kutoka kwa karani wa Usukumani, ambako majina yenye ng' yamejaa kila kona. Aliuliza mistari ile inafanyaje kazi. Nilimjibu kurasa mbili, mstari kwa mstari, kama niko ubaoni.