Sentensi Saba za Mwalimu Mkuu

Kwa miaka ishirini na sita Bi Mashine alikuwa mpigachapa wa shule ya sekondari, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza maana ya neno lolote. Walimuuliza karatasi ziko wapi, au mkuu yupo au katoka. Taipureta ilipoondolewa ikaletwa kompyuta, aliendelea kuzigonga herufi kwa nguvu zilezile, hadi ile ya A ikafutika kabisa, na jina la Bi Mashine likamganda.

Shule aliishia kidato cha nne. Kiingereza chake alikipata kwenye majibu. Kila barua ya sifa iliyotoka ofisini hapo kwenda vyuoni aliichapa yeye, na kila jibu lililorudi alilitia yeye kwenye faili. Mtu ukikaa katikati ya barua na majibu miaka yote hiyo, utaona tu. Aliona kwamba maneno ya Kiingereza yana maana ya kwenye kamusi, ambayo yeyote anaweza kufungua ukurasa akaisoma, halafu yana maana nyingine, wanayoijua wanaopokea barua. Kamusi ilisema neno fulani ni "wa kuridhisha", na kuridhika si jambo baya. Kwenye barua neno hilohilo lilikuwa mtu anayeinua mabega. Ukimsifu mwanafunzi kwamba anawahi, umesema hana kingine. Ukiongeza kwamba mavazi yake ni safi, umeshamzika. Na ukiandika kwamba atajitahidi kadiri ya uwezo wake, msomaji kule anauona uwezo wenyewe, tena anauona mdogo.

Mwalimu mkuu hakuyajua haya, wala hakuwa na dalili ya kuja kuyajua. Wanafunzi walimwita Kamusi, naye alidhani ni heshima. Maneno ya Kiingereza aliyachagua kama mtu anayechagua viazi, makubwa kwanza. Mwanafunzi akichelewa, Kamusi alimsomea hotuba yenye maneno marefu kiasi kwamba akifika mwisho mwenyewe alikuwa amesahau kosa, na mtoto alijiendea darasani bila adhabu.

Barua ya sifa alikuwa nayo moja tu, ya sentensi saba. Mwanafunzi huyu anawahi. Ni msafi. Ana adabu kwa wakubwa. Anapenda masomo. Mwenendo wake ni wa kuridhisha. Atajitahidi kadiri ya uwezo wake. Mimi sina sababu ya kumpinga. Kilichobadilika ni jina. Sentensi hizo hakuzitunga yeye. Alizitoa kwenye barua iliyotundikwa ukutani nyuma ya kiti chake, ndani ya fremu ya plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu. Mkuu wa zamani ndiye aliyemwandikia, enzi Kamusi akiwa mwalimu wa kawaida anayetafuta kazi ofisi ya elimu. Wageni walionyeshwa barua hiyo kabla hawajaonyeshwa pa kukaa.

Bi Mashine alijua ilivyozaliwa, maana aliichapa yeye. Mkuu wa zamani aliitamka sentensi moja moja huku akicheka kwa puani, na alipofika ya saba akasema kwa barua hii jamaa hafiki hata getini. Bi Mashine naye alicheka. Kweli, Kamusi alijaribu mara nne na hakufika getini. Akabaki palepale mpaka walimu wazuri wote walipopata pa kwenda na mzee akastaafu, na ukuu ulipodondoka, yeye ndiye aliyekuwa amesimama chini yake.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka Bi Mashine naye astaafu, kama zamu isingefika nyumbani kwake. Binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, aliomba kusomea ufundi wa vifaa vya hospitali. Nafasi zilikuwa kumi na mbili. Chuo kilitaka barua ya mwalimu mkuu, kwa Kiingereza, kabla ya Ijumaa. Binti huyu, mwanafunzi wa shule hiyohiyo, alizikuta hadubini nane za maabara zimekufa, zikitumika kuzuia mapazia yasipeperuke. Akaenda kwa fundi miwani kuomba skrubu ndogo, akazifufua sita.

Jumanne Bi Mashine aliingia kwa mkuu na daftari lake. Kamusi akaangalia dirishani, akaanza: anawahi, ni msafi, ana adabu. Alipotajiwa hadubini, alisema mambo ya skrubu hayana hadhi ya kuingia kwenye barua.

Jioni, wakiosha vyombo, Bi Mashine alimweleza binti kila kitu, kuanzia majibu ya kwenye faili mpaka kicheko cha mkuu wa zamani. Alitegemea binti atacheka. Binti alisuuza sahani mbili kwanza.

"Kwa hiyo shangazi, wale wengine wote ulikuwa unawachapia hivyohivyo?"

Bi Mashine alisema kazi yake ni kuchapa, si kutunga.

"Na ulikuwa unajua," binti alisema, akaichukua sahani ya tatu.

Usiku huo usingizi ulimpita kwa mbali. Miaka yote alikuwa amemdharau Kamusi kwa raha zake, kama mtu anayetazama mchezo bila kiingilio. Kamusi angalau hakujua alichokuwa akifanya.

Asubuhi aliwahi ofisini, akaandika barua kwa Kiingereza chake mwenyewe, cha maneno mafupi. Aliandika kwamba hadubini nane zilikuwa zimekufa, msichana huyu kazitengeneza sita, na zile mbili kaandika kwenye karatasi kwa nini haziponi. Akamalizia: mkimkataa, sisi tutafurahi, maana atabaki kwetu. Akaiweka mbele ya mkuu pamoja na faili la majibu.

Kamusi aliisoma akiwa ameikunja pua.

"Hiki Kiingereza cha nani, Bi Mashine? Neno la herufi tatu kwenye barua ya shule?"

"Mwalimu, ile ya ukutani ilikupeleka wapi?"

Kamusi alisema nafasi zilikuwa zimejaa.

"Mara zote nne?"

Bi Mashine akafungua faili, akamhesabia majibu thelathini na moja ya watoto waliokataliwa kwa sentensi zilezile saba. Kamusi akasema watoto wa siku hizi vichwa vizito.

"Inawezekana," alisema Bi Mashine. "Lakini wewe kichwa chako chepesi, Mwalimu, na ulikataliwa."

Kamusi hakugeuka kuutazama ukuta. Alishika kalamu, akaiweka, akaishika tena. Aliposema, sauti yake haikuwa na neno refu hata moja.

"Mzee alisemaje siku ile anaiandika?"

Jibu hilo Bi Mashine alikuwa nalo kinywani miaka mingi, limekaa tayari. Lakini barua ilikuwa bado haina sahihi, na mtu aliyeaibishwa anaweza kuchana karatasi.

"Alicheka," alisema. "Na mimi nilicheka."

Kamusi aliivuta barua karibu.

"Kuna mwingine anayejua?"

"Bado," alisema, bila kumtaja binti.

Akatia sahihi haraka, akagonga muhuri mara mbili, na kusema kuanzia leo barua za sifa aziandike Bi Mashine, maana yeye ana majukumu mengi. Fremu haikuondolewa. Kuiondoa kungehitaji maelezo, na kwa jambo hilo Kamusi hakuwa na msamiati.

Wiki ya tano jibu lilifika: binti amepata nafasi. Bi Mashine aliipeleka barua nyumbani ndani ya bahasha mpya, kama vile ile iliyokuja nayo haikutosha. Binti aliisoma mara mbili, akamkumbatia shangazi yake, akakaa.

"Wale thelathini na mmoja," alisema. "Anwani zao zipo?"

"Zipo kwenye faili."

"Na Kamusi atasaini barua mpya?"

Bi Mashine alikuwa ameshavuta kiti mezani, anatafuta kalamu.

"Atasaini," alisema. "Tumwandikie yule wa kwanza, tumuulize: unaweza nini?"