Mpishi Aliyeitwa Darasani

Miaka kumi na mmoja alipika maharage ya shule ile, na wote walimjua kwa jina moja: Mama Mwiko. Hakuna aliyejua kwamba yeye mwenyewe aliacha shule darasa la pili, baada ya kuvishwa kibao cha aibu shingoni kwa kosa la kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa lugha ya kwao.

Muhula mmoja darasa la kwanza lilipata mwalimu mgeni, binti mwenye bidii. Watoto wake walitoka nyumba za lugha tatu, na yeye hakujua hata moja. Akisema "fungueni madaftari," wengine walisimama, wengine walipiga makofi. Msichana mmoja alikuwa kimya kiasi kwamba mwalimu alidhani ni bubu.

Siku moja alifuata chai jikoni, akamkuta bubu wake ameketi juu ya ndoo, anachambua maharage huku akiongea kama redio.

"Kumbe anaongea!"

"Mwalimu, huyu ana mdomo kunishinda," Mama Mwiko akacheka. "Anahesabu mabovu. Kafika sitini na nne."

"Mbona kwangu hata tatu hajui?"

"Ulimuuliza kwa lugha gani?"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Mama, kesho njoo darasani, tafadhali."

Mama Mwiko alikwenda, akawatafsiria watoto maneno ya mwalimu. Mwalimu mkuu akaja juu: "Hii ni shule au soko? Mtihani hauji kwa lugha za jikoni!"

"Mkuu, kwenye mtihani watafikaje, na mlango hawajauona?" akajibu mwalimu.

Mkuu akawapa muhula mmoja. Kila asubuhi, maharage yakiwa motoni, Mama Mwiko alitamka neno na mwalimu akaliandika ubaoni, kisha la lugha ya shule kando yake. Lugha ya pili ilimpata mlinzi wa getini. Ya tatu ilikosa mtu. Watoto wanne wa lugha hiyo waliendelea kubahatisha, na hilo lilimuuma mwalimu.

Muhula ulipoisha, yule msichana alisoma ubaoni kwa lugha zote mbili, ya kwao na ya shule. Mkuu akakohoa, akauliza kama mpishi anaweza kuanza kipindi saa mbili badala ya saa tatu. Na mzazi wa kusaidia lugha ya tatu, atapatikana wapi?

Mama Mwiko alishanunua daftari lake mwenyewe. Kabla ya muhula ule hakuwahi kuiona lugha ya kwao imeandikwa. Akikosea kuandika neno, msichana humsahihisha bila huruma.