Nani Kagusa Wembe

Kinyozi huyu mtaa mzima ulimwita Nani-Kagusa, maana hakuna siku aliyoingia kazini bila kuuliza swali hilo. Nani kagusa kioo? Nani kagusa sabuni? Lakini safari hii alikuwa na sababu. Wembe wake wa kukunja, ule alioachiwa na baba mkwe aliyemfundisha kazi, ulikuwa na mambo ya ajabu. Jioni aliuacha butu. Asubuhi aliukuta mkali, unaonyoa nywele za mkononi kama unapuliza unga.

Sasa ni mwizi gani anayerudisha kitu kikiwa kizuri kuliko alivyokichukua?

Wateja wa asubuhi waliondoka wakitabasamu. Wa alasiri ndio waliokunja uso. Ijumaa, Mwalimu mstaafu, mteja wake wa miaka ishirini na mmoja, alitoka na karatasi ya chooni imegandia kidevuni.

"Fundi," alisema, "mimi nikikatwa tena navuka barabara." Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kinyozi mwingine, wa mashine. Wote waliokuwa wakingoja kwenye benchi walisikia. Mwalimu akivuka, wazee wenzake wangemfuata mmoja mmoja, na wembe ungebaki wa kukatia nyuzi.

Nani-Kagusa akamkodolea macho shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyefanya kazi kwenye kiti cha pili. Huyo naye alinyoa kwa mashine.

"Shemeji, mbona unaniangalia kama nimekuibia ndoa?"

"Wembe wangu unaupeleka wapi usiku?"

"Mimi na wembe wako wapi na wapi? Kitu chenyewe kinataka kubembelezwa kuliko mtoto mchanga."

Jibu lilikuja upesi mno, akawaza Nani-Kagusa. Mtu mwenye jibu la haraka kalala nalo.

Akaenda kuuchunguza ukanda wa ngozi, ule unaoning'inia kwenye msumari kando ya kioo, ambao wembe hupitishwa juu yake kabla ya kila mteja. Mkono wake wa kulia uliuvuta wembe kimshazari, na miaka ilikuwa imechora njia nyeusi kwenye ngozi kuelekea upande mmoja. Akasogeza pua. Kulikuwa na njia nyingine, changa, iliyokatiza ya kwake. Ilielekea upande wa pili.

Mtu wa shoto.

"Shemeji, daka," akasema, akamrushia taulo. Shemeji akadaka kwa mkono wa kulia.

"Sasa hii ni nini?"

"Taulo," akajibu Nani-Kagusa, akanuna mpaka wakati wa kufunga.

Jumatatu alitoka nyumbani mapema kuliko mkewe, akisingizia sabuni imekwisha. Alijibanza nyuma ya pazia la kona ya ndoo za maji. Mlango ukafunguka. Mkewe aliingia na ufagio kama kila siku, akafagia, akajifuta mikono kwenye khanga. Halafu akafungua droo, akautoa wembe, akaunyosha ukanda kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akaanza: kwenda, kurudi. Sauti ilikuwa nyororo, kama mtu anayefunua kurasa.

Ukimchunguza sana bata, humli. Lakini yeye alikuwa ameshamchunguza hadi mifupa, akatoka.

"Kumbe ni wewe."

Mkewe hakushtuka. "Miguu yako inaonekana chini ya pazia, baba watoto."

"Tangu lini?"

"Tangu kidole gumba chako kilipoanza kuuma. Unadhani sikuoni unavyofungua kopo? Unaunoa mwenyewe mchana kutwa, na kila ukiunoa unauharibu. Asubuhi naurekebisha."

"Na kunoa umejua wapi?"

"Aliyekufundisha ni baba yangu. Mimi nilianza kabla yako."

Nani-Kagusa akauchukua wembe, akaupitisha kwenye ukanda ili amwonyeshe kuwa hana kasoro. Mkewe alitazama mara tatu tu.

"Unaubana kama unamkaba mwizi. Kidole kikiuma unageuza kiwiko, mgongo wa wembe unanyanyuka, makali yanaingia kwenye ngozi. Shika shingo ya wembe kwa ncha za vidole. Uzungushe hapo hapo kwenye vidole, kama kalamu, mgongo usibanduke."

Alijaribu. Mara ya kumi kidole kilikuwa kikiwaka moto, lakini sauti ilikuwa imeanza kulainika.

Mwalimu alifika saa tisa, akakaa ukingoni mwa kiti. "Leo mashavu tu. Koo niachie."

Nani-Kagusa alianza kunoa. Mara ya sita kidole kikagoma. Angeweza kujikaza, na nani angejua? Benchi lote lilikuwa likimtazama. Akaugeuza wembe, akamwelekezea mpini mkewe, ambaye siku hiyo hakuwa amerudi nyumbani.

"Mama watoto, nimalizie kunoa."

Mwalimu alimtazama mama, akamtazama baba, akaufuata ule mkono wa kushoto kama anayesimamia mtihani. Wembe ukarudi kwa fundi, povu likapakwa, wembe ukapita, shavu hili, shavu lile.

Kisha Mwalimu akapapasa kidevu. Akalitazama taulo upande mmoja, akaligeuza na wa pili. Akalikagua tena, safari hii kwenye mwanga wa mlango.

Hatimaye akaegemea kiti, akainua kidevu, akafumba macho.

"Haya, na kooni."